Dhoruba ya Ziwa Victoria ina saa zake

Boti ya uvuvi ikizama Ziwa Victoria, maelezo huwa yaleyale: dhoruba ya ghafla. Siyakubali. Dhoruba za ziwa hili zina saa zake, na anayezijua hujiandaa akiwa bado mwaloni, pale boti zinapoegeshwa.

Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hivyo upepo huvuma kutoka ziwani na mawingu hujengeka juu ya ardhi. Usiku mambo hugeuka. Ardhi hupoa, maji hubaki na joto la nyuzi 25 hivi, upepo wa kutoka nchi kavu hukutana katikati ya ziwa na kuisukuma juu hewa yenye unyevu. Ndiyo maana radi nyingi ziwani hupiga usiku wa manane hadi asubuhi, saa zilezile wavuvi wa dagaa wako kwenye taa zao. Kwao utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ni kifaa cha kazi kama wavu, na usiposikilizwa kabla ya kusukuma boti majini hauna faida tena.

Jaketi la kujiokolea nalo livaliwe mwaloni na kufungwa kamba zote. Lililo chini ya mzigo halimwokoi mtu, maana kulivaa ukiwa ndani ya mawimbi ni kazi inayowashinda hata waogeleaji hodari. Lisikaliwe pia, kwa sababu povu lake hubanwa na kupoteza uwezo wa kuelea.

Upepo wa baridi ukikupiga ghafla, ujue hewa iliyoporomoka kutoka kwenye wingu imeitangulia mvua. Kabla ya hapo, hesabu sekunde kati ya umeme na ngurumo, ugawe kwa 3 upate kilomita. Zikiwa 30, wingu liko kilomita 10 tu; vuta wavu uondoke. Wavu ukikwama, ukate. Ni hasara kubwa, lakini boti iliyoshikwa na wavu haiwezi kugeuka.

Kosa linaloua zaidi ni kukimbilia ufukweni kwa kasi bila kujali mawimbi yanatoka wapi. Mawimbi ya ziwa ni mafupi, yamesimama na yanafuatana karibu karibu. Wimbi likikupiga ubavuni, boti inapinduka. Likija nyuma, linainua tezi, yaani sehemu ya nyuma, boti inakingama, na maji yanaingia pale ukingo ulipopunguzwa ili kufunga injini. Elekeza omo, yaani sehemu ya mbele, kwenye mawimbi kwa mshazari kidogo, nyuzi 30 hadi 45, na upunguze mwendo mpaka ule unaotosha tu kuongoza boti. Ufukwe utakusubiri.

Injini ikizimika, tupa kitu cha kuburuta: gunia imara lililoachwa mdomo wazi, au bunda la wavu, kwenye kamba ya mita 30 hivi. Kamba ifungwe omoni, kamwe isifungwe tezini, ili boti iendelee kuutazama upepo. Watu wote wakae sakafuni, mzigo uwe chini katikati, na atakayebaki amesimama asiwepo.

Kukumba maji na kuyamwaga nje kuanze tangu tone la kwanza. Kwenye boti ya mita 6 kwa 1.2, kina cha sentimita 10 ni karibu nusu tani, tena ni uzito unaotembea: boti ikilala upande mmoja, yote yanakimbilia huko. Weka madumu mawili yaliyokatwa, kila moja na uzi wake, yasije yakachukuliwa na wimbi.

Ikipinduka, shikilieni boti. Ya mbao huelea hata ikijaa maji, na waokoaji huiona kwa urahisi kuliko kichwa cha mtu. Msiziogelee taa za ufukweni; usiku huonekana karibu kuliko zilivyo. Dumu tupu la lita 20 lenye kifuniko kilichokazwa hubeba karibu kilo 20, na mtu aliyezama hadi shingoni anahitaji kilo chache tu, kwa hiyo yafungwe machache ndani ya boti kabla ya safari. Kaeni mmekumbatiana, msijichoshe kwa kuogelea. Maji ya nyuzi 25 nayo hupoza mwili saa zikipita.