Mbona Falklands imepitiwa mbiombio?

Makala yenu ya historia ya Rejimenti ya 12 ya ulinzi wa anga ya Uingereza imeandikwa vizuri, lakini vita vya Falklands vya 1982, kati ya Uingereza na Argentina, kupewa sentensi moja tu! Hapo ndipo penye utamu wenyewe. Betri T, kikosi cha rejimenti hiyo, ilishusha mitambo ya Rapier, ya makombora ya kutungulia ndege, huko San Carlos visiwani Falklands baada ya majuma kadhaa baharini, safari iliyoisumbua mitambo yenyewe. Tena kombora lile halikuwa na fyuzi (kiwashio) ya kulilipua likikaribia shabaha. Lilipaswa kuigonga ndege hasa, na marubani wa Argentina walikuwa wakiruka chini kabisa. Serikali ya Uingereza ikadai Rapier zimetungua ndege 14, hesabu ambayo baadaye (si ajabu, vita ni vita) wachambuzi waliipunguza sana. Hilo mmeliruka kwa nini?