Mrija Ulio Wazi Si Lazima Uwe Mzima

Mwanamke akitoka kupigwa eksirei ya mirija ya uzazi hapa Nairobi, jamaa huuliza swali moja tu: "Imeziba au iko wazi?" Ni swali la haki, lakini limeacha nusu ya jambo.

Mrija mmoja una urefu wa sentimita 10 hadi 12, na ukuta wake wa ndani una mikunjo mingi iliyofunikwa na seli za aina mbili kuu. Baadhi zina vinyweleo vidogo mno vinavyopiga kuelekea mji wa mimba. Nyingine hutoa majimaji yanayolisha yai. Baada ya kurutubishwa, yai huchukua siku 3 hadi 4 kufika mji wa mimba. Vinyweleo vikipungua na mikunjo ikigandana, yai huchelewa, na likijipandikiza humo humo mrijani, mimba hiyo yaweza kuupasua mrija na kumwaga damu tumboni.

Klamidia na kisonono, magonjwa ya zinaa, ndizo chanzo kikubwa cha uharibifu huu. Bakteria wa kisonono hujishikiza kwenye seli zisizo na vinyweleo, lakini zinazokufa na kubanduka ni jirani zake zenye vinyweleo. Klamidia huingia ndani ya seli, na kovu hutokana zaidi na mwili wenyewe unapopambana nayo. Wanawake wengi walio nayo hawahisi chochote. Utafiti wa Lund, Sweden, uliochapishwa 1992, ulionyesha kuwa baada ya uambukizo mmoja wa nyonga asilimia 8 walipata ugumba wa mirija. Baada ya miwili, karibu 20. Baada ya mitatu au zaidi, 40. Ndiyo maana inaumiza kuona mke akitibiwa na mume akaachwa: wiki chache baadaye uambukizo wa pili umeanza.

Eksirei yenyewe hufanywa kati ya siku ya 6 na ya 10 ya mzunguko. Dawa ya picha husukumwa kupitia mlango wa kizazi, na ikimwagika tumboni, ripoti husema mirija iko wazi. Vinyweleo havionekani kamwe. Tena misuli ikikaza kwa maumivu, mrija usio na kasoro huonekana umeziba pale unapoungana na mji wa mimba, kumbe sivyo. Picha moja isigeuzwe hukumu.

Wanaopendelea upasuaji wa matundu madogo wana hoja nzito: mrija ukifunguka vizuri, mke aweza kushika mimba mwezi wowote bila kulipa tena. Mwenye umri chini ya miaka 35, mwenye makovu mepesi na mikunjo iliyosalia, ana sababu ya kujaribu. Lakini upasuaji hufungua tundu, haurudishi seli zilizokufa, na hatari ya mimba kutunga nje ya kizazi hubaki.

Wengine hushauri kuuruka mrija kabisa kwa kurutubisha yai maabara. Njia hiyo ilianzia hapo hapo: mama yake Louise Brown, aliyezaliwa Uingereza 1978, mirija yake ilikuwa imeziba. Tatizo ni gharama. Jaribio moja Nairobi hula laki kadhaa, fedha za sacco au za kiwanja, na laweza lisishike. Tena mrija uliojaa maji na kuonekana kwenye ultrasaundi hupunguza uwezekano wa mimba karibu nusu, kwani maji hayo huvuja hadi mji wa mimba. Hapo kuukata au kuubana kabla ya kupandikiza kunafaa, ingawa kumwambia mtu anayetafuta mtoto akubali kutolewa mrija ni neno gumu.

Vidonge vya mitishamba vya kuweka ukeni "kuzibua mirija" siwezi kuviweka kwenye mizani hii. Kovu haliyeyuki kwa dawa ya ukeni.

Kwa maoni yangu, kabla ya kutia saini fomu ya upasuaji, mwombe daktari akubali jambo moja: achunguze na kuandika hali ya mikunjo ya ndani ya mrija, maana ripoti hiyo ndiyo itakayoonyesha kama mtasubiri miezi kadhaa au mwende maabara mapema.