Hula bila maneno ni shoo tu

Niseme tu wazi, ile hula ya hotelini Waikīkī, ufukwe wa watalii kule Hawaii, gitaa linalia polepole, wadada wanatabasamu mwanzo mwisho halafu mtalii anaitwa jukwaani naye akatikise kiuno, kama burudani sina shida nayo kabisa. Ila mtu akitoka pale akasema ameona ngoma ya jadi ya Hawaii, hapo nakataa.

Hula ya zamani, wenyewe wanaiita hula kahiko, haina gitaa wala ukulele (ukulele wenyewe umetokana na vigitaa vya Wareno waliokuja kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa kuanzia miaka ya 1870 hivi). Kuna mtu amekaa chini na ipu heke, yaani vibuyu viwili vilivyounganishwa, anavigongesha chini, anavipiga kwa kiganja, na huku anaghani. Au anapiga pahu, ngoma ya gogo iliyowambwa ngozi ya papa. Sasa yule anayeghani ndo mwenye shughuli, mikono na miguu ya wachezaji inamfuata yeye, na maneno yake ni nasaba za machifu, ni habari za Pele, mungu mke wa volkano, na mdogo wake Hiʻiaka, ni majina ya upepo na mvua za sehemu fulani. Kabla wamisionari hawajafika mwaka 1820 lugha yao haikuwa na maandishi, kwa hiyo kumbukumbu zote zilikaa vichwani na mdomoni, ndo maana mwanafunzi wa hula anasimama nje ya mlango kwanza anaghani kuomba ruhusa, na haingii mpaka mwalimu amjibu kwa kughani.

Mwaka 1830 Kaʻahumanu, malkia aliyekuwa ameshabatizwa, akaipiga marufuku hadharani. Mfalme Kalākaua akairudisha, na kwenye sherehe za kutawazwa kwake 1883 hula ikachezwa mchana kweupe, waliochapa programu yenye nyimbo zile wakaburutwa mahakamani eti wamechapisha uchafu! Kilichowachefua ni mambo kama mele maʻi, nyimbo za kusifia sehemu za siri za chifu, na ukifikiria kidogo unaona mantiki yake, chifu asipozaa ukoo unaishia hapo, sasa kwa nini wasisifie.

Lakini kwa maoni yangu pigo kubwa halikuwa marufuku ile. Ufalme ulipinduliwa 1893, na 1896 ikaja sheria ya shule kufundisha kwa Kiingereza. Watoto wakaanza kukua bila lugha yao, na ukishakuwa na watu wanaotazama ngoma bila kuelewa hata mstari mmoja unawauzia nini zaidi ya kiuno? Kuanzia 1937 kampuni ya Kodak ikawa na shoo yake Waikīkī, inafanyika mchana ili picha zitoke vizuri, wachezaji wanashika herufi za kuandika HAWAII watalii wapige. Ikadumu mpaka 2002.

Mashindano ya Merrie Monarch kule Hilo, yaliyoanza kushindanisha hula mwaka 1971, yana walalamikaji wake, wapo wanaosema ibada imegeuzwa mchezo wa kupewa maksi, na kusema kweli wana hoja. Mimi bado nayatetea kwa sababu pale huwezi kukwepa maneno, kundi likija bila kuelewa linaghani nini linaumbuka mbele ya watu wanaojua. Na wanaojua wameongezeka, 2019 watu walipoziba barabara ya Mauna Kea kupinga darubini kubwa kujengwa juu ya mlima wao, oli (yaani kughani) na hula zilikuwa kila siku, pale pale barabarani, na hakuna aliyekuwa anauza tiketi.

Kwa hiyo ukitaka kuiona tafuta video za Ijumaa ya Merrie Monarch, ndo usiku wa kahiko, Jumamosi wanacheza za kisasa. Na mwangalie yule mwenye kibuyu kwanza, kiuno utakiona tu.