Ametoka Jela, Ila Ametoka Kwenda Wapi?

Saa saba usiku kundi letu la WhatsApp la jamaa wa hapa Texas liliamka lote. Kijana mmoja wa kwetu alikuwa amesimamishwa barabarani akiendesha bila leseni, na tangu jioni simu yake ilikuwa inaita tu. Mama mmoja, mwenyeji wa siku nyingi, akaandika: "Acheni kupiga simu vituoni. Fungueni tovuti ya sherifu, andikeni jina." Tukaandika, hamna kitu. Tukaligeuza, la baba mbele na la kwake nyuma, akatokea mzima mzima: picha yenye fulana iliyokunjamana, urefu, uzito, kosa, kiasi cha dhamana. Kesho yake alasiri pembeni ya jina pakawa pameandikwa kwamba ameachiwa. Kundi zima likashukuru Mungu. Mpaka saa tatu usiku hajafika nyumbani.

Nitamrudia huyo kijana. Kwanza tuelewane kuhusu neno jela, kwa sababu sisi tunalichanganya na gereza na huku ni vitu viwili. Gereza ni la jimbo au la serikali kuu, na anayeingia ameshahukumiwa. Jela ni ya kaunti, kwa kawaida iko chini ya sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, na inashika wanaosubiri kesi pamoja na wenye vifungo vifupi, mara nyingi visivyozidi mwaka. Kwetu tungesema ni mahabusu iliyochanganywa na wafungwa wachache. Katika mwaka ulioishia Juni 2022, jela hizi zilipokea watu mara milioni 7.3 hivi, na takriban asilimia 70 ya waliokutwa ndani siku ya kuhesabu walikuwa hawajahukumiwa kwa lolote. Kwa hiyo orodha ya walioachiwa jela si orodha ya wahalifu waliomaliza adhabu. Kwa sehemu kubwa ni orodha ya watu ambao polisi waliwashika, basi.

Na orodha hiyo iko wazi. Unaweza kukaa Mombasa au Muscat ukamsoma jirani yako wa zamani aliyelala ndani jana huku Houston.

Mimi sikuanza kwa kuichukia. Anayejua kumtafuta ndugu kwenye vituo vya kwetu hatashangaa. Unafika kaunta, askari anakuuliza wewe ni nani yake, anafunua kitabu taratibu, anakwambia hayupo hapa jaribu kituo kingine, unakwenda, unarudishwa kulekule. Pale ambapo jina la aliyekamatwa halionekani popote, kila saa ya ukimya ina bei, na kuna watu wa kuikusanya. Kumshika mtu na kukana kwamba unaye ni vigumu zaidi palipo na orodha inayosomwa na yeyote. Kwa hilo Wamarekani wametuzidi, na ni haki kulisema.

Kuna sababu nyingine nzito kuliko hiyo. Desemba 1993, mjini Louisville, Kentucky, msichana aitwaye Mary Byron alipigwa risasi ndani ya gari lake siku aliyotimiza miaka 21. Muuaji alikuwa mpenzi wake wa zamani, aliyekuwa jela kwa tuhuma za kumbaka na akatoka kwa dhamana. Hakuna aliyemwambia binti wala wazazi wake kwamba mtu huyo yuko nje. Mwaka uliofuata kaunti yao ikaanzisha mfumo wa kumpigia simu aliyeathirika mara tu mtuhumiwa anapotoka. Mfumo huo, VINE, leo unatumika katika majimbo mengi: unajiandikisha, na siku mlango wa jela ukifunguliwa unapata ujumbe, hata kama ni saa tisa alfajiri. Anayetaka habari za kuachiwa watu ziwe siri kabisa, amjibu kwanza mwanamke anayelala na kiti kimeegemezwa mlangoni.

Lakini tazama VINE inavyofanya kazi: haimtangazi mtu kwa mji mzima, inamjulisha aliyeomba kujulishwa, siku anayohitaji kujua. Tovuti ya sherifu humpa kila mpita njia kila kitu, na palipo na kila kitu wafanyabiashara hawachelewi kufika. Yakazuka makampuni yanayozoa picha za waliokamatwa, yanazibandika kwenye tovuti zao, kisha yanamtoza mtu mamia ya dola kuiondoa picha yake. Georgia, California na majimbo mengine yalipitisha sheria kukataza ada hizo, na mwaka 2018 California ilifungua mashtaka ya kudai pesa kwa vitisho dhidi ya waliodaiwa kumiliki mojawapo ya tovuti hizo. Miaka miwili baadaye polisi wa San Francisco wakaacha kutoa picha hizo ovyo, isipokuwa pale usalama wa watu unapodai. Nakala zilizokwisha chukuliwa, hata hivyo, hakuna wa kuzifuata zote.

Gharama yake ilipimwa. Mwanasosholojia Devah Pager aliwatuma vijana kuomba kazi mjini Milwaukee, wengine wakijitaja kuwa na rekodi ya jinai na wengine bila, na matokeo akayachapisha mwaka 2003. Mzungu asiye na rekodi alipigiwa simu katika maombi 34 kwa kila 100, mwenye rekodi 17. Mweusi asiye na rekodi 14, mwenye rekodi 5. Isome tena hiyo ya katikati: Mzungu aliyesema ametoka kifungoni alimshinda Mweusi ambaye hana doa.

Wahamiaji tuna balaa la ziada, nalo ni majina na tarehe. Wakongo wengi waliokuja kama wakimbizi wameandikwa wote kuzaliwa tarehe 1 Januari, kwa sababu kambini hapakuwa na cheti na karani alihitaji kujaza nafasi. Weka majina mawili yanayofanana, weka 1 Januari, halafu mwachie kompyuta ya kampuni ya kuchunguza waombaji kazi ichague. Sheria ya mwaka 1970 inayoyasimamia makampuni hayo inayataka yahakikishe usahihi, na kwa kazi nyingi inayakataza kutaja kukamatwa kusikozaa hukumu kulikopita miaka saba. Ila mwajiri mdogo anayepekua mwenyewe usiku kwenye simu haajiri kampuni yoyote. Na tangu Januari 2025, Sheria ya Laken Riley inaelekeza mtu asiye na karatasi aliyekamatwa kwa tuhuma za wizi, hata wa dukani, azuiliwe na maafisa wa uhamiaji bila kungoja hukumu. Kukamatwa peke yake kumekuwa adhabu.

Mwaka 1989 Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa uamuzi ambao naona uligusa penyewe. Waandishi wa habari walitaka wapewe rekodi ya jinai ya mtu kutoka serikali kuu, wakisema kila kilichomo kilikuwa wazi tayari katika mahakama mbalimbali. Majaji wakakataa: habari iliyotawanyika makabatini mwa kaunti kumi, ambayo mtu lazima aifuate kwa miguu, si sawa na ileile ikikusanywa pamoja. Hapo intaneti ilikuwa bado haijawafikia watu wa kawaida.

Msimamo wangu ni huu. Aliye ndani aonekane, saa zote, kwa kila mtu. Siku anayotoka ionekane, na siku chache baada yake. Kisha jela inyamaze na iachie mahakama, kwa sababu jela inajua tu kwamba alishikwa, ilhali mahakama inajua yaliyomkuta. Kesi iliyofutwa inasomeka imefutwa, hukumu inasomeka hukumu.

Kuna pingamizi ambalo sitalipuuza. Sandra Bland alisimamishwa barabarani hapahapa Texas Julai 10, 2015, na siku tatu baadaye akakutwa amekufa katika jela ya Kaunti ya Waller. Rekodi za jela zikifutika upesi, nani atahesabu waliokufa, au walioshikwa wiki nzima kwa kukosa dola mia tano za dhamana? Jibu langu ni kwamba zisifutwe. Zikae kwenye faili, na atakayezihitaji aandike barua ya kuomba chini ya sheria ya habari za umma kama waandishi wanavyofanya siku zote. Itawachelewesha, nakubali, na kaunti nyingine zitawazungusha makusudi. Hasara hiyo naiona ndogo kuliko ya mamilioni wanaobebeshwa picha ya usiku mmoja.

Sasa yule kijana. Mama wa kundi ndiye aliyetustua: "Bonyezeni hapo kwenye sababu ya kuachiwa." Kumbe "ameachiwa" ina tafsiri zake. Kuna wa dhamana, kuna wa ahadi yake mwenyewe ya kufika kortini, kuna aliyemaliza siku zake, na kuna aliyekabidhiwa kwa chombo kingine. Wake ulikuwa huo wa mwisho. Watu wakaanza kulia wakidhani ni uhamiaji, wakaingia kwenye tovuti ya ICE, idara ya uhamiaji inayokamata watu, ya kutafuta walioshikwa, inayotaka jina na nchi ya kuzaliwa, hayumo. Alikuwa kaunti jirani, iliyokuwa na waranti juu yake kwa faini ya barabarani ambayo hakuilipa. Ikalipwa, akatoka kweli, akafika nyumbani na kamba za viatu mkononi.

Kesi ile ya leseni ilifutwa. Kwenye rekodi za mahakama ni mstari mmoja mkavu, na kutaka usafishwe ni lazima apeleke ombi kortini, si kama Pennsylvania, ambako tangu sheria ya 2018 rekodi za kesi za namna hiyo hufichwa zenyewe zisionwe na umma. Picha ya fulana bado iko kwenye tovuti mbili tatu. Hata hivyo amepata kazi ya bohari, kwa sababu karani wa jela aliligeuza jina lake, na mwajiri alipekua kwa mpangilio wa pasipoti. Hatujamwambia mtu alisahihishe.