Aliyelazwa Hospitali Nyingine Naye Ahesabiwe

Kosa la kliniki ya uzazi likifika magazetini, mara nyingi huwa ni la maabara. Leeds, Uingereza, mwaka 2002, ilibainika kuwa mayai ya mwanamke mmoja yalirutubishwa kwa mbegu za mume wa mwingine. Machi 4, 2018, huko Marekani, matangi mawili ya kuhifadhia mayai na viinitete (mayai yaliyokwisha kurutubishwa) yaliharibika siku moja, moja Cleveland na jingine San Francisco. Mazito hayo. Lakini hatari inayomlaza mwanamke wodini, pengine hata ICU, ni nyingine, na ndiyo isiyoandikwa ipasavyo: ovari kuchochewa kupita kiasi, yaani OHSS.

Ugonjwa huu unazaliwa na matibabu yenyewe ya kutungisha mimba nje ya mwili. Mwanamke huchomwa sindano za homoni kwa takriban siku 10 ili mayai mengi yakue kwa pamoja, kisha sindano ya mwisho ya kuyapevusha, ambayo kwa miaka mingi imekuwa hCG, homoni ya mimba. Hiyo hCG hukaa mwilini siku kadhaa ikiendelea kuzisukuma ovari, nazo humwaga kemikali zinazofanya mishipa midogo ya damu ivuje. Maji hujaa tumboni, wakati mwingine hata kuzunguka mapafu, na damu inayobaki inakuwa nzito na rahisi kuganda. Kwa kawaida OHSS ya mapema hutokea ndani ya siku 7 baada ya sindano hiyo. Ya kuchelewa huja siku ya 10 au zaidi, ikichochewa na hCG ya mimba iliyoingia.

Sasa linganisha siku hizo na ratiba. Mayai hutolewa saa 36 hivi baada ya sindano, na mgonjwa anarudi kwake siku hiyohiyo. Aliyetoka Mbeya kutibiwa Dar es Salaam atavimbia Mbeya na kulazwa Mbeya. Mwisho wa mwaka kliniki inaandika sifuri kwenye OHSS, wala haidanganyi: hakuna aliyerudi.

Isitoshe, wengi hawataki ndugu wajue. Wifi ndiye anayempeleka hospitali, na mbele ya wifi habari za sindano hazitajwi. Daktari wa zamu anakuta tumbo limejaa maji, ultrasaundi inaonyesha ovari za sentimita 12, anawaza saratani na kuanza kupanga upasuaji. Au mkojo umepungua, anaandika dawa ya kukojosha wakati mishipa tayari imekaukiwa. Au anampa diklofenaki ya maumivu, inayozidi kuzielemea figo. Barua ya nusu ukurasa mkobani, yenye jina la sindano ya mwisho, kipimo, tarehe na saa yake, idadi ya mayai yaliyotolewa na namba ya simu inayopokelewa usiku, ingezuia mengi ya haya. Mimi naiona ina faida kuliko vile vijitabu vyenye picha za watoto wanaocheka.

Simu ya ufuatiliaji nayo ina namna yake. Ukimuuliza mtu “unaendeleaje?” atakujibu “salama tu”, maana ndivyo tulivyolelewa. Uliza namba. Uzito wa leo asubuhi ni kilo ngapi, na jana? Mkojo wa saa 24 uliopimwa kwenye jagi ni kiasi gani? Ukipungua chini ya lita 1, apimwe. Chini ya mililita 300 ni hali kali, sawa na hematokriti (kipimo cha uzito wa damu) inayopita asilimia 45. Uliza kama anaweza kulala chali bila kukosa pumzi, na kama mguu mmoja au shingo imevimba na kuuma, kwa sababu donge la damu ndilo linaloua. Na usiache kupiga baada ya wiki ya kwanza. Aliyepandikizwa kiinitete kwenye mfuko wa uzazi apigiwe hadi majibu ya kipimo cha mimba yapite.

Uingereza ina mamlaka ya uzazi, HFEA, iliyoanza kazi mwaka 1991. Hupanga matukio kwa madaraja A hadi C, na kliniki hutakiwa kuripoti OHSS iliyo kali. Mfumo mzuri, ila neno “kali” linaacha mwanya: anayetoa daraja ni yuleyule aliyetibu. Mgonjwa wa kiwango cha kati aliyelala wodini siku tatu anaweza asionekane popote. Ningehesabu kila aliyelazwa, na kila aliyetolewa maji tumboni, bila kujali daraja. Na wagawanywe kwa idadi ya waliochomwa sindano ya kupevusha. Ukigawa kwa waliopandikizwa, wale ambao viinitete vyao viligandishwa vyote wanapotea kwenye hesabu.

Kuna kundi jingine ambalo hakuna anayeliripoti: walioponea chupuchupu. Mwanamke mwenye PCOS, yaani hali ya ovari kuwa na vifuko vingi, na vifuko 30 vya mayai kwenye ultrasaundi, akiwa kwenye dawa za kundi la antagonisti (za kuzuia mayai yasitoke mapema), angeweza kupewa triptorelini, sindano nyingine ya kupevusha, badala ya hCG na viinitete vyote vikagandishwa. Hatari ingeshuka sana. Akichomwa hCG na kupandikizwa wiki hiyohiyo, kisha asiumwe, faili linafungwa kwa furaha. Hapo tukio la kuandikwa ni uamuzi wenyewe: nani aliona idadi ya vifuko, saa ngapi, na kwa nini sindano haikubadilishwa.