Katniss hakulegea

Kila ikitajwa The Hunger Games, hadithi ya Suzanne Collins ya vitabu vitatu, hakosi mtu wa kusema kwamba kitabu cha tatu kilimharibu Katniss, mhusika wake mkuu. Mwanzoni tulipewa binti wa upinde, mkali, asiyetikisika. Kufika Mockingjay, kilichotoka 2010, tunamkuta amejibanza makabatini, anatulizwa kwa dawa, na mwishowe hata kuongea haongei. "Shujaa gani huyu?" wanauliza. Mimi naona Suzanne Collins hakumbadilisha hata kidogo. Wanaolalamika waliupenda upinde wakasahau uliokotwa kwa ajili ya nani.

Baba yake anakufa mgodini kwa mlipuko, Katniss ana miaka 11. Mama anaporomoka: anakaa kitini akitazama asichokiona, huku wanawe wawili wanakonda mbele yake. Ndipo yule mtoto anapoanza kupenya uzio wa Wilaya ya 12, wanakoishi, kwenda kuwinda porini, kosa ambalo mtu anaweza kuuawa kwalo. Akitimiza miaka 12 anaandikisha jina lake mara za ziada kwenye ile droo ya mauti, inayochagua watoto wa kupelekwa uwanjani kuuana, ili apewe nafaka na mafuta, na kufika miaka 16 limo mara 20. La Prim, mdogo wake, limo mara moja tu. Linatoka la Prim.

Fuatilia ushujaa wake wote kuanzia hapo, utamkuta Prim kila kona. Anajitolea kwenda uwanjani badala yake. Anamkumbatia Rue, msichana mdogo aliyeingizwa naye uwanjani, kwa sababu anamkumbusha Prim. Hata anapokubali kuwa sura ya mapinduzi dhidi ya Rais Snow, mapinduzi yenye viongozi asiowaamini, sharti lake mojawapo ni kwamba paka wa Prim aachwe aishi nao kule chini ya ardhi wanakojificha waasi. Paka! Vita vimepamba moto, yeye anapigania paka.

Halafu Prim anauawa. Miavuli midogo ya rangi ya fedha, kama ile iliyoleta zawadi uwanjani, inawashukia watoto waliozungushiwa ua mbele ya jumba la Rais Snow. Baadhi inalipuka. Wahudumu wa tiba wanakimbilia majeruhi, Prim akiwa miongoni mwao, hata miaka 14 hajatimiza. Ndipo iliyosalia nayo inalipuka. Katniss anaona kwa macho yake. Na mtego wa namna hiyo, wa kungoja waokoaji wajae ndipo ulipuke tena, alishaona Gale, mwenzake wa kuwinda, akishiriki kuubuni upande wao wenyewe. Hapo sasa mwambie ajikaze.

Sisi tena ndio mafundi wa neno hilo. Matanga hayajaanuliwa, mfiwa ameshaambiwa ajikaze mara kumi, na akichelewa kurudi kuwa mtu wa jana tunaanza kumnong'ona. Msomaji anayemwita Katniss dhaifu anafanya yaleyale, ila kwa mtu wa kwenye karatasi.

Nguvu zake zilikuwa na kazi moja, kumlinda Prim, na kazi imekwisha vibaya. Anamuua Coin, kiongozi wa waasi anayemshuku kwa miavuli ile, kwa mshale mmoja hadharani, kisha anafungiwa chumbani wiki kadhaa na kupanga kufa kwa njaa. Wiki hizo filamu ya 2015 inazipita mbiombio, na naona ndiyo hasara yake kubwa, maana bila hizo mtu anadhani alihuzunika siku mbili tatu akarudi kwao.

Lakini anaponishika mwandishi ni kwenye kiti. Katniss amerudishwa Wilaya ya 12, anakaa karibu na moto siku nenda siku rudi, haogi, na Greasy Sae, mama mmoja wa pale, anakuja asubuhi na jioni kumpikia. Ni kile kiti cha mama. Miaka yote alimshikia mama yake kinyongo kwa kuwaacha wakiwa na njaa, akaapa moyoni kutokuwa kama yeye. Baba wa Collins alipigana Vietnam, na mwandishi amewahi kulisema hilo hadharani. Labda ndiyo maana hana haraka ya kumwinua mtu wake kitini.

Kinachomwinua ni vitu vidogo. Peeta, kijana aliyekwenda naye uwanjani, anarudi na kupanda maua kando ya nyumba, yale yaliyobeba jina la Prim. Paka naye anatokea, amekonda, ametembea mwendo usiosemeka kumtafuta Prim. Katniss anamrushia vitu na kumpigia kelele kwamba Prim amekufa, kisha wanalia wote. Asubuhi anamsafisha majeraha, anamtoa mwiba mguuni, ndipo anapopata moyo wa kufungua barua ya mama yake, kupiga simu na kulia naye.

Wengi hukumbuka mwisho ule wa Peeta na watoto. Mimi ningezipunguza kurasa hizo nipewe maneno zaidi ya ile simu, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu mgodi ulipuke, mama na binti wanajua kitu kilekile.