Kizazi cha Kwanza Kianzie kwa Nani?

Mtu aliyezaliwa Katumba, makazi ya wakimbizi magharibi mwa Tanzania, mwaka 1985, wazazi wake wakiwa wamekimbia mauaji ya Burundi ya 1972, ni kizazi cha ngapi? Ukimuuliza mzee wake, atakwambia ni cha pili, kwa sababu cha kwanza ni yeye aliyevuka mpaka. Kijana mwenyewe anaweza kujihesabu wa kwanza: kabla yake hakuna wa ukoo wake aliyezaliwa Tanzania.

Wajapani waliohamia Marekani walilimaliza jambo hili mapema. Waliosafiri waliitwa Issei, watoto wao Nisei, wajukuu Sansei: yaani wa kwanza, wa pili, wa tatu. Sensa ya Marekani nayo humweka mzaliwa wa nje katika kizazi cha kwanza. Naipenda hesabu hii kwa heshima iliyomo. Aliyeng'oka kwao na kuanza upya kwa jembe katika nchi ya watu, huyo hawezi kuwa sifuri. Kiswahili chenyewe kinahesabu hivyo: mwana, mjukuu, kitukuu, kilembwe. Tunaanzia kwa mtu, hatuanzii kwenye ardhi.

Sasa, aliyevuka akiwa mgongoni kwa mama yake tumweke wapi? Mwanasosholojia Rubén Rumbaut alitumia vipande vya namba: waliohama wakiwa na miaka 6 hadi 12 aliwaita kizazi cha 1.5, na walio wadogo zaidi 1.75. Familia hazizungumzi hivyo, ila tatizo analoligusa wanalijua.

Linalonisumbua zaidi ni hesabu ya nyumbani inapofika mikononi mwa serikali. Nisei walikuwa raia wa Marekani kwa kuzaliwa, lakini mwaka 1942, Marekani ikiwa vitani na Japani, walifungiwa kambini pamoja na wazazi wao. Katika watu wapatao 120,000 waliofungiwa, takriban theluthi mbili walikuwa raia. Na kwetu, katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, hata aliyezaliwa miaka ishirini baadaye aliitwa mkimbizi wa 1972. Jina la safari ya babu likawa hadhi ya mjukuu.

Lakini siwezi kulilaani jina hilo moja kwa moja, kwa kuwa ndilo lililofungua mlango. Tanzania ilipowapa uraia watu zaidi ya 162,000 mwaka 2014, walengwa walikuwa wale wa 1972 na uzao wao. Wakimbizi waliokuja miaka ya 1990 hawakuwemo. Kwa hiyo kijana wa Katumba alihitaji kuhesabiwa nyuma ya mzee wake ili apate haki yake.

Nyumbani, basi, mzee abaki wa kwanza. Serikalini ningetaka mzaliwa wa hapa aanze na kuzaliwa kwake. Haikuwa hivyo: kijana alipewa uraia wa tajnisi, yaani ule anaoomba mgeni, kama mzee wake, na sharti lilikuwa kwanza aukane uraia wa Burundi, nchi ambayo huenda hakuwahi kuikanyaga.